Mbegu ya laki tatu na funguo za stoo yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua ndefu mnazipunguza, ila hii kama mtaipunguza naomba msiguse sehemu inayonihusu mimi mwenyewe, maana bila hiyo itaonekana nawanyooshea kidole watumishi wa Mungu huku mimi nimekaa pembeni msafi, na sio kweli.

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Aliyewahi kusafiri kutoka Morogoro kwenda Dodoma ameshapaona, mafuso yamejipanga pembeni ya barabara, soko la nafaka, vumbi la pumba kila mahali. Nina miaka 19 kwenye hii kazi na pia ni mzee wa kanisa, na kwa muda mrefu hivi vitu viwili niliviweka mbalimbali, Jumapili madhabahuni Jumatatu kwenye mizani, sikuona vinakutana wapi.

Nilichosukumwa kuandika ni mafundisho ya kupanda mbegu. Wasomaji wanajua, unatoa hela kwa mtumishi, hela ile inaitwa mbegu, na unaambiwa Mungu atakurudishia mara thelathini au sitini au mia, na ukikaa hujarudishiwa basi imani yako ilikuwa ndogo au ulitoa kwa kunung'unika. Msimu wa 2022 baada ya mavuno tulipata mkutano mkubwa hapa kwetu, spika zinasikika mpaka ng'ambo ya barabara, na nimekuja kugundua kitu kimoja, mikutano ya namna hiyo haiji Februari, inakuja Agosti na Septemba, wakati watu wameshavuna. Februari mtu wa Kongwa hana kitu cha kupanda zaidi ya jasho lake.

Kuna mama mmoja jirani yangu, mjane, jina lake nalihifadhi. Analima ekari mbili za kukodi, na kuanzia mwezi wa sita anakuja sokoni na chekeche lake, wale akina mama wanaochekecha mahindi kabla hayajapimwa, analipwa kwa gunia na jioni anafagia chini anaokota punje zilizomwagika, anazipepeta anaenda nazo nyumbani. Ana watoto watatu na mama mkwe mgonjwa. Mwaka ule alivuna gunia sita. Alipotoka kwenye ule mkutano aliuza gunia nne kwa elfu sitini na tano, akaongeza elfu arobaini aliyokuwa ameificha kwa ajili ya sare za shule, ikatimia laki tatu, akaipeleka yote. Nilimuuliza baadaye mbona laki tatu, kwanini sio hamsini, akasema mtumishi alitaja viwango na yeye aliona aibu kusimama kwenye mstari wa mwisho.

Zikabaki gunia mbili kwa watu watano. Mimi ndo kazi yangu kupima nafaka, naweza kukwambia bila kuandika popote, gunia mbili za kilo mia watu watano wakila kwa kubana zinafika Krismasi. Zilifika Krismasi.

Katikati ya Januari alikuja stoo kwangu asubuhi. Msimu ule wengi mnaukumbuka mahindi yalivyopanda, huku kwetu gunia lilikuwa limeshapita laki moja na kila siku simu zinaingia kutoka Dar wanunuzi wanaulizia mzigo. Mimi nilikuwa na gunia mia na themanini ndani nimezifungia toka Julai, nasubiri ipande zaidi. Akasema shikamoo baba, nikaitikia marahaba mama habari za nyumbani, akasema nzuri, kisha akakaa kimya kama dakika nzima anachezea upindo wa kanga. Alichoomba ni debe mbili. Hakuomba bure, aliomba mkopo mpaka mavuno.

Nikamwambia mama mzigo huu nimeshaahidiana na watu, sijafungua bado. Nikamwambia usiogope, mtumaini Mungu, Mungu hawezi kukuacha. Halafu nikamwombea. Pale pale mlangoni, nimeshika funguo za stoo mkono wa kulia, mkono wa kushoto nimeuweka juu ya kichwa chake, nikaomba Bwana amfungulie mlango. Akasema amina, akaniaga, akaondoka. Siku ya pili alienda kuhemea kwa kaka yake Gairo na mtoto mkubwa akaacha shule wiki tatu kubaki na bibi yake.

Mhariri nilimaliza ile sala nikaenda kunywa chai na sikuona kosa lolote. Hicho ndo kinachonitisha mpaka leo. Yakobo sura ya pili ameandika kabisa, mtu wa kwenu yuko uchi na kupungukiwa na riziki, halafu mmoja wenu anamwambia enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba, lakini asiwape mahitaji ya mwili, yafaa nini? Nimelifundisha lile fungu kwa vijana wa kipaimara sio chini ya mara kumi.

Mwezi wa tatu ndo nikafungua. Mtu wa nafaka anajua harufu ya dumuzi kabla hajamwona, ile harufu ya unga mkavu. Gunia za safu ya nyuma ukizigusa ubavuni zinabonyea, ukiinyanyua unga unamwagika miguuni kama wa mashineni, ndani punje zimebaki maganda na vidudu vyeusi vidogo vinatembea. Huyu mdudu wazee wetu walimwita skania, walipoona anavyomaliza ghala zima kama lori limepita. Gunia ishirini na mbili zikaenda. Nilikuwa nimetia dawa, ila haikuchanganyika vizuri au ilikuwa dhaifu, sijui. Sasa naomba nieleweke, sisemi Mungu alinipiga kwa sababu ya yule mama, dumuzi anakula ya mwenye haki na ya mwenye dhambi, na ukweli ni kwamba zile gunia 158 zilizobaki niliuza kwa bei ambayo sijawahi kuiona toka nianze biashara. Nilipata faida kubwa kuliko mwaka wowote. Kama utajiri ungekuwa ndo cheti cha kibali cha Mungu, basi Mungu alinipa cheti kwa kumfukuza mjane mlangoni. Hapo ndo mafundisho ya mafanikio yaliponivunjikia mikononi mwenyewe, kabla sijabishana na mhubiri yeyote.

Na ile faida nikaanza kujengea nini? Stoo kubwa zaidi. Msingi ukamwagwa, tofali zikapanda mpaka kwenye linta. Halafu kwenye ibada ya nyumbani tukafika Luka 12, na kijana anayesoma akafika pale tajiri anaposema nitazivunja ghala zangu, nijenge nyingine kubwa zaidi, na humo nitaweka nafaka yangu yote na vitu vyangu. Watu wote sebuleni wanajua najenga stoo. Hakuna aliyenitazama, na ningependa wangenitazama. Nilivyorudi nyumbani nikalisoma tena peke yangu taratibu, mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu, mtu yule kwenye maneno yake yote hakuna mtu mwingine hata mmoja, hana mke wala jirani wala kibarua aliyemvunia. Anaongea na nafsi yake tu. Na Mungu anamwambia usiku huu wa leo.

Kuna watakaosema basi mzee unataka tusiweke akiba, tuishi kama ndege. Hapana. Mimi ni mtu wa Ugogo, njaa kwetu sio hadithi ya kwenye vitabu. Bibi zetu walitusimulia Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 mpaka 1920, wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, majeshi yamebeba nafaka na ng'ombe, mvua nayo ikagoma, watu wakatawanyika na wengine hawakurudi. Mtu aliyelelewa na wale bibi akiona kichanja kitupu moyo unadunda na huwezi kumwambia ana imani haba. Na hapa hapa Kongwa Waingereza walikuja 1947 na mradi wa karanga, matrekta, mabuldoza, wataalamu, walishapiga hesabu zote, mvua haikuja kama walivyotaka na udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji mpaka karanga hazing'oki, ilipofika 1951 wakafunga, zaidi ya pauni milioni 30 zimepotea. Kwahiyo huku kwetu hatuhitaji mhubiri wa kutufundisha kwamba mali ni kitu cha kupita. Tunaokaa chini ya hili anga tunajua mvua ni ya nani.

Yusufu aliweka akiba Misri, sehemu ya tano ya mazao kwa miaka saba ya shibe, na Biblia inamsifu. Nimekaa sana na hilo, kwanini ghala la Yusufu ni hekima na ghala la yule tajiri ni upumbavu, wakati nafaka ni nafaka? Naona tofauti iko kwenye mlango. Njaa ilipokuja Mwanzo 41 inasema Yusufu akazifungua ghala zote. Alizijaza akijua siku ya kuzifungua inakuja. (Sura ya 47 watu wanapouza mpaka mashamba na miili yao kupata chakula inanisumbua na sitajifanya nimeielewa, wachungaji wanisaidie.) Mimi sikuwa Yusufu, mimi nilikuwa nasubiri njaa izidi ili bei ipande, na kuna mstari kwenye Mithali 11 ambao sijawahi kusikia ukihubiriwa Kibaigwa hata mara moja, mji mzima wa nafaka: yeye azuiaye nafaka, watu watamlaani, bali baraka itakuwa kichwani pake auzaye nafaka. Umekaa kwenye Biblia zetu miaka yote.

Sasa turudi kwenye mbegu. Wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka DECI, ule upatu wa kuweka hela na kuahidiwa kurudishiwa nyingi zaidi. Mpaka serikali inaisimamisha 2009 watu walikuwa wanaenda kupanda mbegu na kusubiri kuvuna, na lugha ile haikutoka benki wala sokoni, ilitoka kanisani, na walioiongoza walikuwa wachungaji. Ilivyoisha watu walilia mitaani. Nilifikiri tumejifunza, kumbe tulichojifunza ni kuondoa risiti. Siku hizi unapanda bila hata kadi, kwa simu tu, na isipozaa hakuna wa kumshtaki maana wa kulaumiwa ni imani yako.

Na kinachoniuma ni jinsi yale yale maneno ya Bwana Yesu yanavyogeuzwa. Mathayo 6 anasema waangalieni ndege wa angani, ya kwamba hawapandi, wala hawavuni, wala hawakusanyi ghalani, na Baba yenu wa mbinguni huwalisha hao. Hawapandi! Mbegu ya laki tatu inaingilia wapi hapo? Lile fungu limetolewa kwa watu wanaohangaika watakula nini na watavaa nini, sio kwa mtu anayetaka kubadilisha gari, ni neno la faraja kwa yule mama mwenye gunia mbili, na yeye ndo alitakiwa alisikie likahubiriwa vile lilivyo, badala yake akauziwa. Au yule mjane wa senti mbili kwenye Marko 12, kila harambee lazima asomwe, lakini tunaanzia mstari wa 41. Rudi mstari mmoja tu nyuma uone Yesu alikuwa anasema nini, alikuwa anawaonya juu ya waandishi ambao hula nyumba za wajane, na kwa unafiki husali sala ndefu. Nilivyosoma sala ndefu nilikumbuka mlango wa stoo yangu.

Ile ya Paulo nayo, nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, hapa stendi utaikuta kwenye vioo vya fuso na bajaji, watu wanaisoma kama ahadi ya kushinda tenda. Paulo ameandika akiwa kifungoni, na mstari wa juu yake anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anachosema anakiweza ni hicho, kukaa na njaa bila kumwacha Mungu, na kukaa na shibe pia bila kumwacha Mungu, na kwa niliyoyapitia ile ya pili ndo ngumu zaidi. Njaa inakufanya uombe mwenyewe. Shibe inakufanya uwaombee wengine halafu ukaondoka.

Ndo maana naona mimi na yule mhubiri tulikuwa kwenye kosa moja. Yeye alimwambia yule mama hela yake inaweza kumlazimisha Mungu. Mimi kwa matendo yangu nilimwambia mahindi yangu hayamhusu Mungu. Wote tulimwachia yeye peke yake kazi ya kumtumaini Mungu, maskini ndo atumaini, sisi tuna spika na funguo. Na mbona hatuwaambii matajiri wa makanisani mtumaini Mungu? Paulo alimwagiza Timotheo awaambie wao hasa, walio matajiri wa ulimwengu wa sasa wasijivune wala wasiutumainie utajiri usio yakini, wawe tayari kutoa mali zao, washirikiane na wengine. Mwenye gunia mia na themanini anatakiwa awe na imani kubwa kuliko mwenye gunia mbili, maana yeye ndo ana kitu cha kuachilia.

Kwahiyo wafanyabiashara wenzangu wa nafaka mnaomjua Kristo, naongea na nyie sasa. Sadaka zetu ni nzuri, mabati ya kanisa tumetoa, lakini tuangalie mizani. Lumbesa bado ipo huko vijijini, tunamfuata mkulima mpaka shambani gunia limevimba kichwa na kushonewa kilemba na tunalipa kama gunia moja. Debe lililobonyezwa chini lipo. Kijana anayepakia fuso usiku kucha anaambiwa njoo kesho, kesho anaambiwa bosi kasafiri. Amosi aliwaona watu wa namna hii, wanasubiri sabato iishe wafungue ngano, wakipunguza efa ya kupimia nafaka na kuongeza shekeli ya kupimia fedha. Mtu anayemtumaini Mungu haogopi kupima kilo mia kuwa kilo mia, kwasababu anaamini riziki yake haitoki kwenye zile kilo ishirini za wizi. Huo ndo mtihani wa imani kwa watu wa kazi yetu na unafanyika kila siku kuanzia saa moja asubuhi.

Niseme pia nilichofanya maana sitaki kuishia kwenye maneno. Nilimfuata yule mama mwezi ule wa tatu nikamwomba radhi mbele ya mama mkwe wake. Alinisikiliza, akasema baba mimi siku ile niliamini umeniombea kweli. Sikuwa na jibu na sina mpaka leo. Nikapeleka gunia tatu, nikaona hazitoshi kwa kile nilichofanya, ila watoto walikula. Ile stoo kubwa imesimama kwenye linta mpaka sasa, sio kwamba kuimalizia ni dhambi, ila sijapata amani nayo.

Na toka mavuno ya 2023 tumekubaliana wafanyabiashara kadhaa, sio wa kanisa langu tu, kila mmoja anatoa gunia mbili anapofunga stoo, hazifungiwi na za kuuza, zinakaa pembeni kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, dumuzi akifungiwa humo anakosa pumzi na kufa, na haziuzwi hata bei ifike wapi. Zinafunguliwa Januari. Anayekopa anarudisha debe kwa debe akivuna, bila riba, asiyeweza kurudisha tunajua na hatumfuati. Anayepima ni yule mama, tulimwomba yeye maana anajua nafaka kuliko sisi na anajua mlango unavyokuwa ukisimama nje. Nilimwangalia anavyopima mara ya kwanza. Anajaza debe, analisukasuka mpaka punje zinashuka, anashindilia kwa kiganja, anaongeza tena mpaka zinamwagika chini, na zile za chini anaziokota anazitia kwenye mfuko wa yule anayepimiwa. Kipimo cha kujaa, na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika, mimi lile fungu nilikuwa nalisikia wakati wa bahasha tu.

Mwenye stoo Kibaigwa, Pandambili, Mkoka au Gairo anayetaka kuanza kitu kama hiki kwao asisubiri semina. Aongee na wenzake wawili watatu kabla ya mwezi wa saba mzigo haujafungiwa, na achague mpimaji anayeaminika na wanaokopa. Januari ikifika ni kuchelewa, nilishachelewa mimi.

Mzee wa kanisa na mfanyabiashara wa nafaka,
Kibaigwa, Kongwa, Dodoma.